Ratili za Maji

Mwanamkuu alikuwa anaanika kamba juu ya jamvi wakati binti yake alipofika. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1954. Kamba walikuwa wengi siku zile, na kila mwanamke wa Mbuchi alikuwa na jamvi lake uani. Mwanamkuu aliinua kichwa, akamwona Johari anakuja polepole na sanduku kichwani. Akaacha kamba, akapiga vigelegele.

"Jirani! Jirani zangu! Njooni mwone mtoto wangu alivyonenepa!"

Wanawake wakaja. Wakamshika mikono, wakamgeuza huku na huku. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Miguu yake ilikuwa minene. Mwezi wa kwanza aliondoka hapa akiwa mwembamba sana.

"Ama kweli uuguzi una chakula," alisema mmoja.

"Na mlisema nimempoteza!" alisema Mwanamkuu. "Mlisema mtoto wa kike hapelekwi kuosha wagonjwa. Mwoneni basi!"

Johari alicheka pamoja nao. Lakini alikaa upesi juu ya kigoda, maana pumzi zilikuwa zimemwishia. Kutoka pwani hadi nyumbani kwao hapakuwa mbali.

Baba yake, Mtoro, alikuwa mkata boriti za mikoko. Alirudi jioni na matope hadi magotini. Mtoro ndiye aliyempeleka Johari kwenye shule ya uuguzi mjini, ingawa watu wengi walimlaumu. Hakuna msichana mwingine wa Mbuchi aliyewahi kwenda. Alimtazama binti yake kwa muda.

"Umekuwa mtu mzima," alisema.

"Nimeongezeka, baba. Nina ratili mia na nne sasa."

"Alhamdulillahi," alisema Mtoro, na akaenda kuoga.

Ratili zile zilikuwa na habari yake.

Siku ya kwanza shuleni, wasichana wote walipimwa uzito. Aliyewapima alikuwa Sista Mkuu, Mwingereza mmoja mrefu. Johari alikuwa na ratili themanini na moja. Msichana wa Ruaruke, jina lake Mwantum, alikuwa na themanini na tatu. Sista akawaweka hao wawili pembeni.

"Muuguzi ananyanyua watu," alisema. "Nyinyi mtanyanyua nani? Mwezi wa sita nitawapima tena. Aliye chini ya ratili tisini atarudi kwao."

Vitanda vya Johari na Mwantum vilikuwa jirani. Wote wawili walitoka Rufiji, wakawa kama ndugu. Siku ile walikaa kitandani wakafikiri.

"Tutafanya nini?" aliuliza Mwantum. "Mimi nikirudi, mama yangu atakufa kwa aibu."

"Tutakula," alisema Johari. "Watu wanene wanakula nini? Wali mweupe na chai ya sukari. Basi na sisi tutakula hivyo hivyo."

Kwao Rufiji wali mweupe pe ulikuwa wa sikukuu na harusi. Shuleni ulipikwa kila siku, mchele wa mashine, mweupe kama pamba. Ulipikwa na maharage na mchicha, lakini wasichana waliyaita maharage yale chakula cha jela. Johari na Mwantum waliwapa wenzao maharage na mchicha, wakapewa wali. Asubuhi waliacha uji wa mtama, wakanywa chai na mkate mweupe. Kila kikombe kilitiwa sukari vijiko vinne. Jioni, wakitoka wodini wamechoka, walikunywa chai tena, wakalala.

Mwezi wa nne walikuwa wameongezeka kidogo tu. Mwezi wa tano viatu vikaanza kuwabana. Miguu ikafa ganzi.

"Kila muuguzi huvimba miguu," wasichana wa mwaka wa pili waliwaambia. "Mtazoea."

Mwezi wa sita Mwantum hakuweza kupanda ngazi za wodi moja kwa moja. Alisimama katikati, mkono kifuani, akacheka.

"Unene nao ni kazi, dada," alimwambia Johari.

Mizani ikasema mia na nne kwa Johari, na mia na nane kwa Mwantum. Sista Mkuu akaandika katika daftari kwa wino mwekundu: Vizuri. Wasichana wale wawili walikumbatiana. Likizo ilipofika, wakapanda gari moja. Mwantum alishuka Ruaruke, akapunga mkono hadi gari likapotea.

Siku ya tatu ya likizo, Mwanamkuu alimpeleka Johari dukani kwa Zaverchand kununua khanga. Mke wa Zaverchand, Gangaben, ndiye aliyekuwa dukani. Mbuchi nzima walimwita Mama Parvati, kwa jina la bintiye mkubwa.

"Mama Parvati, mtazame Johari," alisema Mwanamkuu. "Si amependeza?"

Gangaben alitoa khanga, akazitandika juu ya meza. Kisha akatazama chini. Johari alikuwa amevua ndara zake mlangoni. Ukanda wa ndara ulikuwa umeacha mfereji mguuni, na mfereji ule haukuondoka.

"Njoo ukae, mwanangu," alisema Gangaben. "Ukilala, unalala sawasawa?"

"Nalala na mito miwili, mama. Nikilala chali pumzi zinakatika."

Gangaben akaacha khanga.

"Mama Johari, usinikasirikie. Mtoto huyu hakunenepa. Amejaa maji. Shemeji yangu alikuwa hivi hivi. Tulimsifu sana, na mwezi haukwisha tukawa hatunaye. Mpeleke Kibiti, kwa dresa wa zahanati."

Mwanamkuu alisimama.

"Mama Parvati! Mtoto wangu unamtakia kifo?"

"Namtakia uzima. Mpeleke."

Mwanamkuu alimshika Johari mkono, wakaondoka bila khanga. Njia nzima alinung'unika. Nyumbani alichukua mchele, akautwanga tena ili uwe mweupe zaidi. Akauosha mara tatu, hadi maji yakatoka safi. Akampikia mtoto wake wali wa nazi, sahani imejaa.

Johari alikula. Shuleni alikuwa amefundishwa kubonyeza mguu wa mgonjwa kwa kidole na kutazama kama shimo linabaki. Alikuwa amewabonyeza wagonjwa wengi na kuandika katika karatasi zao. Aliutazama mguu wake mwenyewe, akaufunika kwa khanga.

Asubuhi mama yake alimkuta ameegemea ukuta.

"Umelala umekaa?"

"Sikuweza kulala, mama. Moyo unanipiga."

Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mwanamkuu akatoka uani, akaanza kulia.

"Ni kijicho!" alimwambia mumewe. "Nimewaita watu wote wamwone. Mimi mwenyewe nimewaita! Twende kwa mganga, baba Johari, amwondolee."

Mtoro alikuwa ameshika shoka, anakwenda kazini. Aliliweka chini.

"Jana mlirudi bila khanga. Mama Parvati alikwambia nini?"

Mwanamkuu alijifuta machozi.

"Nimeuliza, alikwambia nini?"

"Alisema ni maji. Alisema tumpeleke Kibiti."

"Basi kwa nini nasikia leo?" alisema Mtoro. Hakungoja jibu. Alikwenda kutafuta mtumbwi.

Waliondoka maji yalipojaa, wazazi wawili na mtoto. Walipofika nchi kavu walipata lori la mfanyabiashara Nanji, lililokuwa linapeleka magunia Kibiti. Johari aliketishwa mbele karibu na dereva, kwa kuwa hakuweza kupanda juu. Walipokaribia Ruaruke alinyoosha kidole.

"Dereva, tafadhali simama hapa," alisema. "Nina mwenzangu. Naye amevimba kama mimi. Tumchukue twende naye."

Dereva alimtazama Mtoro. Mtoro alikubali kwa kichwa.

Nyumba ya kina Mwantum ilikuwa karibu na barabara. Majamvi yalikuwa yametandikwa nje, na wanaume wamekaa kimya. Ndani wanawake walikuwa wamejifunika. Johari alisimama mlangoni. Hakuhitaji kuuliza.

Mama yake Mwantum, Bi Mwanawetu, alimwona, akamnyooshea mikono miwili.

"Umekuja, mwanangu. Mwenzio tumemzika juzi. Aliamka mzima, akanywa chai, akasema moyo unamwenda mbio. Jua lilipokuwa juu alikuwa ameshakwisha." Alimpapasa Johari mikono na mashavu. "Alinenepa vizuri kama wewe. Mtu kamwonea kijicho."

Johari alipiga magoti mbele yake. Alitaka kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: wali, chai, ni mimi niliyemwambia. Lakini alisema tu, "Pole, mama. Pole sana."

Mwanamkuu naye alikuwa amesimama nyuma yake. Alisikia yote. Tangu aliporudi kwenye lori hakutaja kijicho tena.

Dresa wa Kibiti aliitwa Miraji. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Peke yake aliangalia zahanati nzima. Alimlaza Johari nusu amekaa, akamsikiliza moyo. Kisha akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, shimo lilibaki.

"Wewe ni mwanafunzi wa uuguzi," alisema. "Jambo hili hukufundishwa?"

"Nimefundishwa, bwana dresa."

"Na mwenyewe hukujibonyeza?"

Johari aligeuza uso ukutani. "Niliogopa," alisema. "Kama si unene, ningefukuzwa."

Miraji hakumgombeza. Alimchoma sindano. Halafu alivuta kiti akakaa.

"Niambie chakula chako. Usinifiche hata kidogo."

Johari alimwambia yote. Miraji alisikiliza hadi mwisho.

"Ugonjwa huu unaitwa beriberi," alisema. Sasa alikuwa anasema na wazazi pia. "Punje ya mchele ina ngozi nyembamba chini ya ganda. Katika ngozi ile mna kitu ambacho moyo unakitaka, na mishipa inakitaka. Mashine inaikwangua ngozi yote. Inakuwa pumba. Pumba anapewa kuku. Basi kuku anapata afya, na mtu anapata weupe."

"Lakini wengine wote shuleni wanakula mchele ule ule," alisema Mtoro.

"Wanakula na maharage, mzee wangu. Maharage yana kitu hicho. Kunde zinacho, choroko, karanga, uji wa mtama. Binti yako na mwenzake walivitoa vyote, wakabaki na wali, mkate mweupe na sukari. Na sukari ikizidi, mwili unakitaka kitu kile zaidi. Kazi ngumu nayo inakimaliza. Moyo ukikikosa unachoka, na maji yanabaki mwilini. Mizani haijui maji wala nyama. Inapima tu."

Mwanamkuu alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

"Mimi niliutwanga mchele mara mbili," alisema. "Nikauosha mara tatu. Nilitaka ale vizuri."

"Mama, hukujua."

"Niliambiwa nikakasirika."

"Basi sasa usikasirike. Utwange ganda litoke, uishie hapo. Mchele ukiwa na rangi kidogo usiuonee haya. Uoshe mara moja, na ukiweza, maji ya kupikia usiyamwage. Nina sindano nane tu zenye kitu kile. Sindano zitamwamsha, lakini chakula ndicho kitakachomponya."

"Na mwenzangu?" aliuliza Johari. "Kama angeletwa hapa?"

Miraji alimgeukia. Alikuwa mtu asiyependa kusema uongo.

"Kama angeletwa mapema, huenda angepona," alisema.

Johari alilia hadi usingizi ukamchukua.

Siku ya pili alianza kukojoa sana. Siku ya tano alilala chali. Mwanamkuu alimpikia uji wa mtama, kunde na majani yake, samaki, na karanga za kuchemsha. Mtoro alibaki siku nne, akarudi kwenye boriti zake. Siku ya kumi Miraji alitaka kujua uzito wa mgonjwa wake. Zahanati haikuwa na mizani ya watu wazima. Akampeleka kwenye ghala la Nanji, akapimwa kwenye mizani ya magunia.

Ratili themanini na nne.

"Ratili ishirini zimekwenda wapi?" aliuliza Mwanamkuu.

"Amezikojoa, mama," alisema Miraji.

Mwanamkuu alimtazama mwanawe. Uso ulikuwa umerudi kuwa ule wa zamani, mwembamba, na mifupa ya mashavu ilionekana. Mbuchi wangesema amekonda. Mwanamkuu alimfunga khanga kiunoni vizuri.

"Waache waseme," alisema.

Johari alirudi shuleni na barua ya Miraji. Kitanda cha Mwantum kilikuwa kimepewa msichana mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Mkuu, akampa barua, akasimama. Alikuwa tayari kufukuzwa.

Sista alisoma. Akaenda kabatini, akatoa daftari la uzito. Alilifungua, akaweka kidole chake juu ya neno lile la wino mwekundu.

"Mwantum?" aliuliza.

"Amefariki, Sista. Mwezi wa saba."

"Nilimwandikia Vizuri," alisema Sista. Sauti yake ilikuwa ndogo. Baadaye akasema, "Na wewe una ratili ngapi?"

"Themanini na nne."

"Utabaki. Krismasi nitakupima tena. Sasa nenda ukale."

Tangu siku ile, wasichana walipopimwa uzito walitazamwa na miguu pia. Sista alikuja mwenyewe chumba cha chakula na kutazama sahani. Maharage hayakuitwa tena chakula cha jela, angalau si mbele yake.

Johari hakuwa na haraka tena. Asubuhi alikula uji kabla ya kuingia wodini, hata kama kengele ilikuwa imekaribia. Mchana alikula wali kiasi na maharage na mchicha wake wote. Alinunua karanga sokoni, akazitia mfukoni kwa saa za njaa. Chai aliinywa na sukari kijiko kimoja, tena baada ya chakula kushuka. Alipotoka kazini alitembea kidogo, akalala mapema. Kila Ijumaa alibonyeza mguu wake. Ganzi ya vidole haikumtoka kwa muda wa mwaka mzima. Uzito wake ulipanda taratibu mno, ratili moja, nusu ratili. Siku nyingine haukupanda kabisa. Krismasi ilipofika alikuwa na tisini na moja, na mguu haukuacha shimo.

Hakushangilia na mtu. Hapakuwa na wa kukumbatiana naye.

Mwaka 1957 alifaulu mtihani wa mwisho, akapangiwa zahanati ya Kibiti, chini ya Miraji. Wiki ya kwanza aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda Ruaruke.

Bi Mwanawetu alikuwa anasuka mkeka wa ukindu barazani. Alikuwa amezeeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umevaa nguo nyeupe. Mwenzio naye angevaa."

Johari alikaa chini, juu ya udongo. Safari hii alisema. Alianza na mizani, akasema maneno yake mwenyewe aliyomwambia Mwantum kitandani, akasema wali na chai na sukari, na maharage waliyogawa. Akasema jina la ugonjwa.

"Hapakuwa na kijicho, mama. Ni mimi niliyemfundisha kula vile. Nilikuja hapa siku ya msiba, nikanyamaza."

Bi Mwanawetu aliendelea kusuka. Vidole vilikwenda mara nne, mara tano. Kisha vikasimama.

"Alikuwa na njaa?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tulishiba. Kila siku tulishiba."

Mama yule alitazama ng'ambo ya barabara. Kuku walipita, wakarudi. Alipozungumza tena, hakumtazama Johari.

"Nilimtaja mtu. Mke wa ndugu yangu, yule pale ng'ambo ya barabara. Alikuja kumwona Mwantum siku aliyofika, akamsifu. Nilimfukuza msibani, mbele za watu. Watoto wake hawachezi na wajukuu wangu. Mwaka wa tatu huu."

Bi Mwanawetu alimgeukia.

"Miaka mitatu, Johari! Ungesema siku ile."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema siku ile!" Alitupa ukindu chini. Alilia kwa sauti, na Johari akakaa pale pale, hakuthubutu kumshika. Kilio kilipokwisha, Bi Mwanawetu alijifuta uso kwa upindo wa khanga, akasimama.

"Nifuate," alisema. "Hayo uliyoniambia utayasema mbele yake. Yote. Usiache hata moja."

Walivuka barabara. Mke wa ndugu yake aliwaona wanakuja, akasimama mlangoni, mikono imelegea. Bi Mwanawetu alipiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Ilipita kitambo, kisha ikasikika, "Karibuni."

Johari alisema yote tena, kutoka mwanzo. Wale wanawake wawili hawakukumbatiana. Walikaa mkeka mmoja, na hilo tu lilitosha kuwaleta majirani. Walijaa uani, wengine na watoto migongoni, kutaka kujua kulikoni.

"Mchele mweupe kiasi gani ndio mbaya?" aliuliza mwanamke mmoja. "Sisi tutajuaje?"

Johari aliomba kinu, mchi na mpunga kidogo. Alitwanga, akapepeta, akatwanga tena kidogo, akapepeta. Kisha akachota mchele mkononi. Ulikuwa na rangi ya udongo mwepesi, na ganda lote limetoka. Bi Mwanawetu alikuwa wa kwanza kusogea karibu kutazama.

"Hapa," alisema Johari. "Ishieni hapa."